Namna ya kutamka Kiserer kwa kinywa kilicholelewa Tanga

Kiserer ni lugha ya Senegali na Gambia, na ngome yake ni eneo la Sine na Saloum huko Senegali. Léopold Sédar Senghor, rais wa kwanza wa Senegali, alikuwa Mserer. Kabla ya yote hakikisha kwamba sauti utakazosikiliza ni za Kiserer cha Sine, kwa maana Kinoon, Kindut na lugha nyingine kadhaa huitwa Kiserer kwa mazoea tu, ilhali ni za kundi jingine.

Anza na kinywa chako mwenyewe. Weka kidole juu ya koromeo, useme "baba" polepole kama wanavyosema wazee wa Ngamiani, Tanga, nawe utahisi koromeo likishuka kidogo kabla midomo haijaachana, kana kwamba hewa inavutwa ndani. Sasa sema "ubavu", kisha "mbavu". Katika neno la kwanza koromeo linashuka. Katika la pili linatulia, kwa sababu b inayotanguliwa na m haivutwi. Sisi watu wa pwani tunazo b mbili na hatuzihesabu, kwa kuwa kwetu hazibadilishi maana ya neno.

Katika Kiserer zinabadilisha. Ile ya kuvutwa huandikwa ɓ, na ile ya kawaida huandikwa b. Vivyo hivyo ɗ na d, na pia ƴ na j. Kwa hiyo kazi ya mwanafunzi wa Tanga imegeuka: ɓ anayo tangu utotoni, na anachopaswa kujifunza ni b iliyo tupu mwanzoni mwa neno. Sema "mba" mara kadhaa, ukiufupisha mlio wa m kila mara mpaka uishe kabisa, huku kidole kikilichunga koromeo lisishuke. Fanya hivyo pia kwa "nda" na "nja". Usiharakishe hatua hii, kwani sauti zinazofuata zinajengwa juu yake.

Zinazofuata ni ƥ, ƭ na ƈ, ambazo ni adimu sana katika lugha za dunia, na kwa maoni yangu ndizo johari ya Kiserer. Nazo huvutwa ndani, lakini bila mlio wa koo. Funga midomo kama unayetaka kusema ɓ, bana koo kama unayezuia pumzi wakati wa kuinua ndoo ya maji, shusha koromeo, kisha achia midomo kwanza na koo baadaye. Kinachosikika ni mwaliko mdogo, mkavu. Ili ujipime, washa mshumaa mbele ya kinywa: ukisema "paa" kwa maana ya mnyama, kama watamkavyo watu wa pwani, mwali utayumba, ukisema "paa" la nyumba utayumba kidogo tu, ukisema ƥ sawasawa, usiyumbe. Kwa ƭ weka ulimi nyuma ya meno ya juu, na kwa ƈ uinue katikati ya ulimi hadi kwenye kaakaa.

Herufi q na x hazitamsumbua aliyepita chuo cha Kurani: q ni qafu (ق) ya Kiarabu, inayotokea nyuma kabisa kwenye kimio, na x ni kh kama wanavyoitamka wazee katika "kheri". Herufi ñ ni ny yetu, ŋ ni ng' ya "ng'ombe", na c ni ch.

Irabu ni tano kama zetu, ila urefu wake hubadilisha maana. Neno koor, yaani mwanamume, ni silabi moja iliyorefushwa, si mbili kama "choo". Tena linaishia kwa r: zuia mazoea ya kutia irabu mwishoni, maana "kooru" si Kiserer.

Jambo la mwisho ni kubadilika kwa konsonanti ya kwanza. Mwanamke ni o tew, wanawake ni rew. Mwanamume ni o koor, wanaume ni goor. Mtu ni o kiin, watu ni wiin. Hata kitenzi hufuata wingi: a reta ni "alikwenda", a ndeta ni "walikwenda". Anayejua kwamba "ulimi" huwa "ndimi", na kwamba "-refu" kwa kamba huwa "ndefu", asishangae kuona r ikigeuka nd, ingawa kwetu hali hiyo imebaki katika maneno machache na kwao imeenea lugha nzima. Kwa hiyo usikariri nomino ya Kiserer peke yake. Iandike katika daftari pamoja na wingi wake kwenye mstari mmoja, uzitamke zote mbili kwa sauti, kidole kikiwa bado kwenye koromeo.