Emoji kwenye meseji: iweke wapi, ipi, na lini uiache

Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman, mtafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alipendekeza :-) iwekwe kwenye maneno ya utani na :-( kwenye yasiyo ya utani. Watu waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta pale chuoni walikuwa wakishindwa kujua nani anatania. Kazi ya alama hizi, na ya emoji (picha ndogo) zilizokuja baadaye, haijabadilika: humwonyesha msomaji namna ya kuipokea sentensi. Ukiipa picha kazi ya kubeba habari yenyewe, ndipo mambo huharibika.

Kwa hiyo andika sentensi nzima kwanza, picha baadaye, kisha isome kana kwamba picha haipo. “Nitachelewa dakika 20 😅” inasimama bila picha. “Kikao kesho 🔟 🏫” haisimami: mmoja atafika saa nne asubuhi kwa sababu simu yake huandika 10:00, mwingine atafika saa kumi jioni. Saa, bei, mahali na majina viandikwe, na neno “asubuhi” au “jioni” lisiachwe.

Picha ikae mwishoni mwa sentensi inayohusika, si mwishoni mwa ujumbe wote. “Wali wako umeungua kidogo 😂 Baba amelazwa, njoo mapema.” Peleka hiyo 😂 mwisho kabisa, na utaonekana unamcheka mgonjwa. Emoji ikishafunga sentensi, nukta si lazima. Moja inatosha, tatu zinazofanana huongeza nguvu ya kicheko. Zikizidi hapo, mfikirie msomaji asiyeona: programu za kusomea skrini kwa sauti, TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone, hutamka jina la kila picha, na picha zilizotawanywa katikati ya maneno humkatizia sentensi.

Kuchagua picha

Nyuso za machozi ndizo zinazoponza wengi. 😢 analia. 😪 halii, amelala. Lile tone ni povu la puani ambalo wachoraji wa katuni wa Japani hulitumia kuonyesha usingizi. 😭 kwa mtu mzima ni kilio cha uchungu, lakini vijana wengi huitumia wakiwa wamezidiwa na kicheko. Kwenye kioo kidogo 😭 na 😂 hufanana, na mara nyingi hukaa jirani kwenye orodha ya zilizotumika karibuni. Penye msiba, basi, usibahatishe. Andika “Poleni sana” au “Innalillahi wa inna ilayhi rajiun”. Ukitaka kuongeza picha, 🙏 au 🤲 haina hatari hiyo. Usiwekee taarifa ya kifo 👍 hata kama maana yako ni “nimeiona”. Wafiwa huona kidole cha pongezi.

👍 ina uzito mwingine pia. Mwaka 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu picha ya mkataba kwa 👍 alikuwa ameukubali, na ikamwamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Anayekutumia bei au makubaliano, mjibu kwa maneno: “Nimeona, nitakujibu kesho.”

Kwa mkubwa wako, au mtu wa ofisini unayemwandikia mara ya kwanza, anza na salamu, eleza shida yako, na uache picha mpaka yeye mwenyewe aitumie.

Simu ya anayepokea

Unachotuma ni namba tu inayoitambulisha emoji. Mchoro hutolewa na simu ya mwenzako. Mwaka 2016 Apple iligeuza bastola 🔫 kuwa ya maji, na kampuni nyingine kubwa zikafuata 2018. Katikati ya miaka hiyo, utani uliotoka kwenye iPhone ungeweza kufika kwingine kama silaha halisi. Simu isiyosasishwa huonyesha emoji mpya kama kisanduku kitupu, na zile za rangi za ngozi, zilizoanza 2015, huweza kutokea kama uso wa njano na kiraba cha rangi pembeni. Nyuso na mikono ya kawaida ya zamani hufika salama zaidi.

SMS ya kawaida

Hapa emoji hugharimu pesa. SMS moja hubeba herufi 160 za alfabeti ya GSM, yaani orodha ya herufi za msingi za mtandao wa simu. Herufi moja tu isiyomo humo ikiingia, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi 70. Ukigawanywa, kila kipande hubeba 67. Emoji ya kawaida hula nafasi mbili. Ujumbe wa herufi 150 ukiongezewa 😊 moja hufika 152, yaani SMS tatu. Shule inayowatumia wazazi 400 italipia SMS 1,200 badala ya 400.

Tumia alama za kuchapa. :) hula nafasi mbili, :-( tatu, na mfumo haubadiliki. Za Kijapani husomwa bila kuinamisha kichwa, na hisia iko machoni: (T_T) ni kilio, nafasi tano, (^_^) ni tabasamu, nafasi saba, maana kila ^ huhesabiwa mara mbili. Hakikisha tu programu yako haigeuzi :) kuwa emoji yenyewe.

Mwizi mwingine wa nafasi ni ile alama ya ng'. Ikiwa imenyooka (') haina shida, lakini iliyopinda (’) haimo kwenye alfabeti ya GSM, na “ng’ombe” mmoja anaweza kukushushia ujumbe hadi 70. Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kibodi uzime Smart Punctuation, inayopinda alama hizo yenyewe. Ukibandika maandishi kutoka Word, kagua pia alama za kunukuu na vistari virefu.

Ukikosea kwenye WhatsApp

Emoji uliyoweka juu ya ujumbe wa mtu huondoka ukiigusa tena, ila huenda ameshaona taarifa yake. Ujumbe wako mwenyewe unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Ikiwa mwenzako ameshajibu kwa hasira, usiongeze 😂 ya kupoza. Andika “Samahani, nilikuwa natania” au mpigie simu.