Jinsi ya kuipima kamera mpya ya DSLR kabla haijaenda kazini

Canon EOS 90D ilitoka mwaka 2019 na Nikon D7500 ikatoka mwaka 2017. Zote mbili ni DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani kinachokuwezesha kuchungulia kupitia lenzi, na ni za daraja la kati: zimepita zile za wanaoanza, lakini hazijafikia zile nzito za wapiga picha wa magazeti. Kwa karatasi zinavutia. 90D ina megapikseli 32.5 na hupiga picha 10 kwa sekunde; D7500 ina 20.9 na hupiga 8. Ila hakuna karatasi itakayokuambia sura ya bibi harusi itatokeaje chini ya hema la buluu kule Mamboleo, saa nane mchana. Hilo utalijua kwa kuipima mwenyewe hapa Kisumu, na uipime mapema, siku ambazo muuzaji bado anakubali kuipokea ikirudi.

Hatua ya 1: Dukani, kabla ya kulipa

Linganisha nambari iliyo chini ya kamera na ile ya boksi na ya kadi ya warantii. Uliza wazi: warantii hii inatambuliwa hapa Kenya, au ni ahadi ya duka tu?

Kisha piga picha moja na uihamishe kwenye kompyuta. Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara ambazo shata, lile pazia linalofungulia mwanga wakati wa kupiga, imefunguka, na programu ya bure iitwayo ExifTool huisoma. Ukikuta maelfu, kamera hiyo si mpya hata kama plastiki haijatolewa. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo kwenye picha, kwa hiyo kagua mwili wenyewe: mdomo wa kufungia lenzi, na reli za kuchomekea flashi. Rangi iliyokwaruzika hapo ina maana kuna mtu aliyeshatangulia kufanya nayo kazi.

Shata ina umri wake. Ile ya 90D imepimwa kwa mara 120,000, ya D7500 kwa 150,000. Ukipiga picha 2,000 kila harusi, hiyo 120,000 ni harusi 60.

Tazama pia mlango wa kadi. Zote mbili zina nafasi ya kadi moja tu, ilhali D7200 iliyotangulia D7500 ilikuwa na mbili. Kwa mtu wa harusi na matanga, shughuli zisizorudiwa, upungufu huu ni mzito kuliko tofauti yoyote ya megapikseli. Ukiamua kuichukua hivyo hivyo, zoea kubadilisha kadi katikati ya shughuli.

Hatua ya 2: Sensa

Sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Funika lenzi, weka ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga), acha shata wazi sekunde moja, rudia mara kadhaa. Kuza picha. Nukta nyekundu, nyeupe au buluu inayokaa mahali palepale katika kila picha ni pikseli mbovu. Halafu elekeza lenzi kwenye anga tupu, tundu la lenzi likiwa dogo, f/16, asubuhi kabla mawingu ya ziwani hayajajikusanya. Madoa ya kijivu ni vumbi, na vumbi hupulizwa likatoka.

Hatua ya 3: Fokasi

Katika DSLR, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo. Sehemu kubwa hupanda juu hadi kwenye jicho lako, na sehemu nyingine huteremshwa hadi kwenye sensa ndogo ya fokasi iliyo chini. Njia hiyo ikitofautiana hata kidogo na ile ya kwenda kwenye sensa ya picha, fokasi huangukia mbele au nyuma ya jicho la unayempiga. Ukitumia skrini ya nyuma, kamera hupima fokasi kwenye sensa ya picha yenyewe, kwa hiyo kosa hilo halipo. Ndiyo maana tunalinganisha njia hizi mbili.

Chukua gazeti, Taifa Leo litafaa, uliegemeze mezani kwa mshazari. Kamera iwe kwenye tripodi, lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 (tundu wazi sana), umbali wa mita moja na nusu. Lenga kichwa kimoja cha habari kwa nukta ya katikati. Piga picha kadhaa ukichungulia kwa jicho, na kila mara izungushe fokasi mbali kwanza ili kamera itafute upya. Rudia kwa skrini.

Picha za kuchungulia zikikosa zote upande mmoja, usiogope. Kamera zote mbili zina marekebisho kwenye menyu, kutoka -20 hadi +20, kwa kila lenzi. Lakini moja ikiangukia mbele na nyingine nyuma, bila mpangilio, hakuna namba ya kurekebisha hilo. Irudishe.

Hatua ya 4: Sura za watu wetu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote. Enzi ya filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Kamera za leo ni bora zaidi, ila kipima mwanga bado hudhani kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mweke mama mwenye ngozi nyeusi mbele ya hema jeupe: kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na sura ya mama itazama gizani.

Mwombe rafiki akae chini ya hema, mwanga ukiingia kwa pembeni, na kitambaa cheupe chenye nakshi mabegani. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, ukiongeza mwanga hatua kwa hatua: 0, +0.7, +1, +1.3. Unatafuta picha ambamo wekundu wa mashavu unatofautiana na paji la uso, mng'ao wa jasho haujageuka doa jeupe, na nakshi za kitambaa zinahesabika. Kisha, kwenye kompyuta, inua vivuli kwa hatua mbili na uangalie chini ya kidevu. Kukijaa chembe za kijani na zambarau, hiyo sensa haitakuvumilia ukikosea mwanga.

Rudia chini ya hema la rangi. Piga kwanza kamera ikijichagulia rangi yenyewe, halafu uipimie kwa karatasi nyeupe ukiwa papo hapo chini ya hema. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo kazi itakayokusubiri usiku kwenye kompyuta.

Hatua ya 5: Kanisani jioni

Piga kwa ISO 1600, 3200 na 6400, kisha chapisha kila moja kwa ukubwa ambao wateja wako huagiza. Chembe zinazotisha kwenye skrini mara nyingi hazionekani kwenye karatasi.

Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za mirija hupepesa mara 100 kwa sekunde. Piga mfululizo kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, utaona mwanga na rangi vikibadilika picha hadi picha. Washa kinga ya kupepesa kwenye menyu, rudia, na uone kama imetulia.

Hatua ya 6: Kinachokimbia

Nenda Dunga, ufuoni mwa ziwa, asubuhi umtafute mdiria mweusi kwa mweupe anayeelea hewani juu ya maji kabla ya kupiga mbizi. Waulize wavuvi kwanza viboko wako wapi. Ukikosa ndege, simama mbali na lami upige bodaboda inayokuja kwako. Fokasi iwe ya kufuata, AI Servo kwa Canon au AF-C kwa Nikon. Kwa kipimo changu, picha 7 kati ya 10 zikiwa kali, kamera inafaa.

Hatua ya 7: Kadi na video

Kadi bandia ni nyingi sokoni. Ijaze yote kwa picha, zihamishe kwenye kompyuta, na ufungue za mwisho. Kwa video ya 4K, D7500 hukata kingo za picha sana. 90D inaweza kutumia upana wote wa sensa.

Ukilazimika kurudi dukani, beba faili za RAW, zile picha za gazeti na risiti. Mwonyeshe muuzaji kwenye skrini yake mwenyewe, na umwombe arudie jaribio kwa kamera nyingine ya aina hiyohiyo mbele yako.