Mndimu huugua shingoni: kuupanda na kuutunza kuanzia mizizi

Mndimu ukianza kunyong'onyea, majani yakawa ya njano na vitawi vikakauka kuanzia nchani, wengi hukimbilia dawa ya majani. Inama kwanza utazame shina pale linapokutana na udongo. Mizizi inayoulisha mti huu mingi iko ndani ya sentimita 60 za juu, nayo haivumilii maji yaliyotuama. Udongo ukiloa muda mrefu, vimelea vya fitoftora, vinavyoishi udongoni na kufanana na kuvu, hula gome la shingo. Gome hutoa utomvu kama gundi, huwa jeusi, kisha hubanduka. Likiharibika kuzunguka shina zima, mti hauponi.

Kwa hiyo pima shamba kabla ya kununua miche. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, lijaze maji, yaishe, ulijaze tena. Ikiwa kesho yake bado yamo, inua matuta ya sentimita 40 na upande juu yake.

Mndimu wa mbegu kwa kawaida hufanana na mama yake, ila una miiba mingi na huchelewa kuzaa. Uliobebeshwa, yaani jicho la mndimu limeunganishwa juu ya mche mwingine, huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3. Uliza umebebeshwa juu ya nini. Mlimau wa kienyeji wenye ganda la makunyanzi hustahimili ukame na hupenda udongo mwepesi, lakini shingo yake huugua haraka penye unyevu. Kwenye udongo mzito mdanzi ni afadhali. Hata hivyo hakuna mche wa chini unaoukinga mndimu na virusi vya tristeza vinavyoenezwa na vidukari, kwa hiyo majicho yatoke kwenye mti wenye afya tu.

Chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, umbali wa mita 5. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, fukia, kisha acha wiki 2 hadi 3 udongo ushuke. Hatua hii hurukwa sana, na hapo ndipo balaa linapoanzia: udongo hushuka baadaye pamoja na mche, na pale jicho lilipounganishwa panafukiwa. Baada ya kupanda, kiungo hicho kiwe sentimita 15 hadi 20 juu ya ardhi. Bonde la kumwagilia liwe kama pete, shina likiwa juu ya kichuguu kidogo katikati lisiguswe na maji. Matandazo nayo yakae sentimita 30 mbali na shina. Kiangazi, mche mchanga hutosheka na lita 20 kwa wiki. Kwenye udongo wa kichanga, gawa maji hayo mara mbili. Kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo, ling'oe likiwa laini.

Dalili za shingo zikionekana mapema, ondoa udongo hadi mizizi mikubwa ya juu ionekane, kwangua gome lililooza mpaka ufikie lililo zima, paka dawa ya shaba iliyokorogwa nzito, na uache pakauke wazi.

Njano ya majani ina maana kadhaa. Majani makuukuu yakipauka yote, nitrojeni imepungua. Majani machanga yakiwa madogo, njano katikati ya mishipa, ni upungufu wa zinki. Lakini mabaka yasiyolingana pande mbili za jani moja yatiliwe shaka kuwa ni ugonjwa wa kijani unaoenezwa na psilidi, wadudu wadogo wanaofyonza majani. Huo hauna tiba: ukithibitishwa, ng'oa mti.

Sisimizi wakipanda shinani, fuata njia yao utakuta vidukari au vidugamba, kwa kuwa huwalinda wapate utamu wao. Zuia sisimizi, na wadudu marafiki watawala hao wengine. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege waokote kwa mkono, maana wachache tu humaliza majani ya mche.

Mti mkubwa ukinyimwa maji wiki 3 hadi 4 kisha ukanyweshwa vizuri, huchanua kwa wingi. Ndimu huwa tayari miezi 5 hadi 6 baadaye. Chuma umande ukishakauka, kwa mkasi. Ganda lililojaa maji likibinywa, mafuta yake hupasuka na kuliunguza, na siku chache baadaye madoa ya kahawia hutokea.