Soketi ya pedi ya Sega Mega Drive: vitufe vitakuambia pini ipi imekufa

Kijana mmoja aliniletea mashine ya gemu ya Sega Mega Drive, toleo la kwanza, ile yenye tundu la hedifoni mbele, akilalamika kwamba kila akibonyeza C gemu inasimama. Alikuwa ameshanunua pedi nyingine (kile kidude cha mkononi chenye vitufe), nayo ikafanya vilevile. Mashine hizi zilitoka Japani mwaka 1988 na Ulaya mwaka 1990, kwa hiyo solda yake imezeeka, na waya za pedi zimevutwa na watoto wa vizazi viwili. Soketi yenyewe huwa haijafa. Kinachokufa ni mshiko wa pini kwenye bodi. Ndiyo maana sipendi fundi anayeng'oa soketi kabla hajapima.

Hatua ya 1: Iondoe pedi kwenye lawama

Chomeka pedi unayoiamini. Iwe ya vitufe vitatu, kwa sababu ile ya vitufe sita ina chipu yenye mambo yake na itakuchanganya. Na iwe ya Mega Drive kweli. Pedi ya Master System, mashine ya Sega iliyotangulia, inaingia vizuri kabisa kwenye soketi hii, lakini haina A wala Start, na baadhi ya gemu husoma kitufe chake cha 2 kama C na Start kwa pamoja. Nimeshaletewa "mashine mbovu" ya namna hiyo. Nikairudisha bila kuifungua.

Hatua ya 2: Soma dalili

Itazame soketi uso kwa uso, safu ya pini tano ikiwa juu. Juu, kutoka kushoto, ni 1 hadi 5. Chini ni 6 hadi 9. Pini 1, 2, 3 na 4 ni juu, chini, kushoto na kulia. Upande mmoja tu ukigoma, pini yake ndiyo hiyo, huna haja ya kuhangaika zaidi.

Vitufe ndivyo vyenye ujanja. Sega walibakiwa na pini chache, wakapitisha vitufe viwili kwenye pini moja: pini 6 inabeba A na B, pini 9 inabeba Start na C. Pini 7 ndiyo swichi. Mashine inaipandisha umeme ikitaka kusoma B na C, inaishusha ikitaka A na Start. Kwa hiyo:

A na B zikifa pamoja, angalia pini 6. Start na C zikifa pamoja, angalia 9. Vitufe vikianza kuigizana, C ikawa pia Start au B ikawa pia A, basi 7 imeachia: mashine inaagiza, pedi haisikii. Juu na chini zikifanya kazi huku vingine vyote vikiwa na wazimu, umeme wa volti 5 haufiki, yaani pini 5; juu na chini haziihitaji chipu ya ndani ya pedi. Kila kitu kikiwa kimya, shuku 8, ambayo ni graundi.

Ya yule kijana ilikuwa 7.

Hatua ya 3: Fungua

Bisibisi ya nyota, skrubu za chini, kisha bati la kukinga mawimbi. Toa bodi nzima. Kumbuka skrubu ipi ilitoka wapi.

Hatua ya 4: Tafuta ufa, uchome upya

Geuza bodi. Chini ya taa kali na lenzi, solda iliyoachia ina kiduara cheusi chembamba kuzunguka pini, mithili ya pete. Tikisa soketi kidogo kwa kidole: pini itacheza, solda haitacheza. Ukikosa kuona, weka mita kwenye mlio (inalia umeme ukipita), ncha moja kwenye pini kwa mbele, nyingine kwenye njia ya shaba mbele ya solda, si juu ya solda yenyewe, halafu tikisa tena. Mlio ukikatika umeshampata.

Pini za kawaida ni kazi ya dakika. Flaksi (dawa ya kufanya solda ishike), pasi ya kusolda kwenye nyuzi 350, ongeza solda mpya kidogo, toa. Tumia solda yenye risasi, ya 63/37, inayoyeyuka nyuzi 183. Ya zamani iliyo kwenye bodi ni ya jamii hiyo na zinachanganyika vizuri. Isiyo na risasi sitaki kuiona kwenye bodi hizi.

Muda huliwa na pini 8. Imeungana na shaba pana ya graundi, na shaba hiyo inanyonya joto lote. Solda ya juu inayeyuka na kung'aa, ya ndani ya tundu inabaki ngumu. Unafunga mashine, inacheza vizuri, wiki ijayo mteja amerudi. Kwa hiyo, kwanza: ncha ya pasi iwe bapa, si ya sindano. Pasi za bei rahisi za wati 30 hapa hazifui dafu, nataka 60. Pili: pandisha hadi nyuzi 380, weka tone la solda kwenye ncha ili joto lipite, gusa pini na shaba kwa pamoja. Tatu: subiri mpaka uone solda *inazama* ndani ya tundu. Ikibaki kilima juu, bado. Lakini usikae zaidi ya sekunde tano au sita. Toa, acha ipoe, rudia. Ukilazimisha, duara la shaba litabanduka kwenye bodi.

Na tafadhali, weka blowa ya hewa ya moto pembeni. Najua mafundi simu mnaipenda. Kwenye soketi hii plastiki italegea kabla graundi haijayeyuka, pini zitapinda, na pedi haitaingia tena.

Kama plastiki imevunjika na ni lazima ubadilishe, usivute soketi nzima. Kata pini moja moja kwa koleo, toa plastiki, kisha chomoa kila kipande kwa pasi na ufyonze tundu. Utando wa shaba ndani ya tundu ukitoka na pini, unga waya mwembamba hadi kwenye njia yake. Soketi mpya za madukani zilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na masikio yao ya chuma huzuia plagi ya Sega. Mimi natoa kwenye mashine iliyokufa.

Hatua ya 5: Solda ikiwa nzima

Fuata njia kutoka pini hadi chipu ya mashine inayosoma pedi. Vichujio vidogo vilivyo katikati hukatika. Chipu yenyewe, 315-5309 kwenye bodi za mwanzo, ikiwa imekufa, tafuta bodi ya kuikata viungo.

Hatua ya 6: Kabla ya kuwasha

Pima 5 na 8: mita isilie. Ikilia, kuna solda imeunganisha, irudie. Kisha washa bila pedi, upate volti 5 kati yao. Adapta ya Mega Drive ya kwanza ina hasi katikati, ya pili ina chanya, kwa hiyo zile adapta za kugeuzageuza kichwa zipime kwanza kwa mita. Na mwambie mwenye mashine achomoe pedi kwa kushika plagi, mashine ikiwa imezimwa.