Umeme umekata na gemu ndo limenoga: jinsi ya kucheza kwa betri bila kukwamakwama

Ukichomoa chaja tu gemu linaanza kustaki, afu mtu anasema laptopu imechoka. Haijachoka, ni hesabu. Kadi ya picha ya laptopu ya gemu ikiwa kwenye chaja inaweza kula wati 80, 100 na kuendelea, wakati betri zenyewe huwa hazizidi wati-saa 100, yani wati 100 kwa saa moja tu (sababu ni ndege, ikizidi hapo mpaka uombe ruhusa ya shirika la ndege kusafiri nayo), sasa mashine inajibana yenyewe ili betri isielemewe. Kwa hiyo sahau fremu 144 (picha zinazopita kwenye skrini kwa sekunde moja), hapa tunatafuta fremu chache ambazo haziyumbi.

Hatua ya 1. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Power & battery, weka Power mode iwe Best performance. Kama laptopu ina programu yake ya kampuni angalia na huko, maana mara nyingi ndo inayoamua wati.

Hatua ya 2. Nenda Display, halafu Graphics, chagua gemu lako liende High performance, la sivyo linaweza kuangukia kadi ndogo ya ndani. Ila kwa gemu jepesi mi naiacha hiyo hiyo ya ndani, betri inadumu.

Hatua ya 3. Wenye kadi ya picha ya NVIDIA, tafuta Battery Boost kwenye programu yao. Umeganda kwenye fremu 30 na hujui kwanini? Mchawi huyo. Izime.

Hatua ya 4, na hapa ndo penyewe, funga fremu mwenyewe, iwe ndani ya gemu au kwa RivaTuner, programu ya kuweka kikomo cha fremu. Ukiliachia gemu linakwea mpaka 90 afu linadondoka 25, jicho linaona huo mdondoko tu. Chagua namba inayogawa Hz za skrini yako (mara inazojichora upya kwa sekunde) bila baki: skrini ya 144 funga 48, ya 120 funga 40, ya 60 ni 30 au 60 basi. Usiidharau 40, fremu moja ya 30 inachukua milisekunde 33, ya 60 inachukua karibu 17, ya 40 ni 25, yani ipo katikati kabisa.

Hatua ya 5. Control Panel, Power Options, setingi za ndani (Advanced), Processor power management, Maximum processor state, upande wa On battery weka 99%. Hiyo asilimia moja inazima turbo ya prosesa, yani ile kasi ya ziada, wati zinazobaki zinaenda kwenye kadi ya picha na feni linatulia. Kuna laptopu zimeificha hii menyu, na gemu linalotegemea sana prosesa litashuka, jaribu uone.

Hatua ya 6. Vivuli viwe Low, FSR au DLSS (zinachora picha ndogo afu zinaikuza, kadi inapumua) iwake, mwanga wa skrini upunguze.

Bado inasumbua? Fungua Command Prompt andika powercfg /batteryreport, linganisha Design capacity (ujazo wa betri ikiwa mpya) na Full charge capacity (ujazo wake sasa). Ya kwangu ilikuwa wati-saa 60 ikabaki 38, kwa matumizi ya wati 50 hapo unapata kama dakika 45, hakuna setingi itakayokuokoa.

Na sevu mapema, betri ikishuka kwenye 20% au 30% Windows inawasha yenyewe Energy saver, ile ya kubana matumizi ya umeme, na kawaida ni pale pale uko kwa bosi wa mwisho.