Mkono uliopigwa na kiharusi: ninavyoufundisha kazi upya nyumbani

Mzee mmoja wa Igombe, fundi wa kushona nyavu, alipata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia ukalegea. Nilipomkuta, miezi minne baadaye, vidole vilikuwa vinafunguka kidogo, ila wajukuu walimlisha na kumfungia hadi vifungo vya shati. Kumbe ndio walikuwa wanaukosesha mkono kazi. Eneo la ubongo lisilopewa kazi hunyang'anywa nafasi. Mwaka 1996 mtafiti wa ubongo Randolph Nudo na wenzake waliliona hilo kwa kima: waliofunzwa upya baada ya kiharusi kidogo walibaki na eneo lao la mkono.

1. Pima. Kifundo cha mkono mbovu kinyanyuke walau nyuzi 20, vidole nyuzi 10. Visipocheza kabisa, njia hii si yake.

2. Fungia mkono mzima, yaani ule usiougua. Mbinu ni ya mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani: mkono mzima unavalishwa glavu karibu muda wote mgonjwa akiwa macho, kwa wiki mbili, na mbovu unafanyishwa mazoezi kwa saa nyingi.

Hapa ndipo niliposota. Kwanza niliufunga kwa kanga shingoni. Siku ya pili mzee akateleza kwenye mawe akienda chooni, nusura aanguke, maana hakuwa na mkono wa kujishikilia. Tangu hapo ni soksi nene tu, anayoweza kuivua mwenyewe kwa meno. Na aivue akitembea kwenye mawe, akiwa bafuni, karibu na jiko, au akipanda mtumbwi. Tatizo la pili: nikishapanda daladala tu, soksi inavuliwa na kijiko kinarudi mkono wa kushoto. Tukaandika karatasi, tukaibandika mlangoni: kula, kuchana nywele, kufungua mlango ni kazi ya mkono wa kulia. Msimamizi akawa bibi, si mimi. Tulianza na saa mbili kwa siku, tukapanda taratibu. Bega likiuma, simama. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono huo. Wala usianze kwa nguvu siku za mwanzo tangu augue. Subiri ruhusa ya daktari.

3. Mpe kazi anayoijua. Vile vimpira vya kubana sivipendi hata kidogo. Vidole vyake vinajua kufumba. Vinachoshindwa ni kufumbua. Tulitumia dagaa wakavu: chukua mmoja, achia kwenye sinia la pili. Kila akimaliza kumi, mjukuu anaweka kizibo cha soda pembeni. Lenga mamia ya marudio kwa siku, na kikishakuwa rahisi, badilisha. Kutoka dagaa tukaenda kamba nene, kisha uzi wa nyavu.

4. Alale. Usiku wa kutosha, na mchana kidogo akichoka.

Wiki ya tatu alifunga fundo moja la nyavu. Akalitazama, akasema limekaa vibaya, akalifumua.