Kukadiria muda wa ndege kutoka Nairobi hadi New York
Usipime kwa rula kwenye ramani bapa. Dunia ni mviringo, na njia fupi huonekana imepinda. Kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, hadi JFK, uwanja wa New York, ni takriban kilomita 11,850. Gawanya kwa 880, mwendo wa kawaida wa ndege kubwa kwa saa: unapata saa 13 na nusu. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, kisha saa moja, kwani ukielekea magharibi upepo mara nyingi hukukabili. Jumla 15, kurudi ni karibu 14.

Wengi hukosea saa ya kufika. Ukiondoka saa tano usiku (tiketi huandika 23:00), utatua New York wakati Nairobi ni saa nane mchana. Ili kupata saa ya New York, toa saa 8, au 7 Wamarekani wanaposogeza saa zao mbele, Machi hadi Novemba.